Abada Mpaka Lini

"Bi Zeyana, maji!"

Maulida, msaidizi wake, ilibidi aseme mara mbili. Kata ilikuwa imejaa mkononi mwa Bi Zeyana, imeinuliwa juu ya bega la kulia la marehemu, na haishuki. Chini ya kitanda, ufuo uliochimbwa asubuhi kupokea maji ya kuoshea ulikuwa bado mkavu. Mama wa watu kalala kimya, kafunikwa shuka, katika chumba cha uani kijijini Zinga. Na mwosha wake, mwanamke aliyeosha maiti tangu nywele zake zikiwa nyeusi, kasimama kama mtu aliyesahau njia ya kwao.

"Umeingiwa na nini, dada?" Maulida akanong'ona.

"Mkono umekufa ganzi. Hebu shika wewe."

Uongo mtupu! Mkono ulikuwa mzima. Kilichomkamata ni wazo: huyu mama, kuanzia leo, atakuwa hivi mpaka lini? Akatamani kuitupa ile kata akimbilie barabarani bila hata buibui. Angekuwa mwoga wa maiti tungemwelewa. Lakini maiti hawakupata kumtisha hata siku moja, na mwenyewe huwaita wageni wake. Alichokiogopa sasa ni ule urefu wa huko waendako.

Na aliyemwingiza kwenye balaa hili wala hakuwa na nia mbaya. Hanadi, mjukuu wa Bi Kholood, anasoma fizikia chuo kikuu Dar es Salaam, na kila akija Bagamoyo likizo bibi yake humtaka asimulie aliyojifunza. Bi Kholood na Bi Zeyana ni mashoga tangu udogo, tangu walipokalia mkeka mmoja na kusomea msahafu mmoja. Kholood akaolewa na mwenye duka la nafaka, Zeyana akaishia kukaanga visheti vya kuuza, na ushoga wao haukujali hayo. Basi alasiri moja wamekaa barazani, kahawa na halua katikati, Bi Kholood kaegemea mito kwa sababu moyo ulishaanza kumsumbua.

"Jua nalo litakufa, bibi," Hanadi akasema huku akijilamba vidole. "Litavimba, liimeze dunia."

"Na Bagamoyo?" Bi Kholood akauliza.

"Na Bagamoyo."

"Afadhali. Angalau mbu watakwisha."

Wakacheka wote. Kisha Bi Zeyana akauliza, "Halafu?"

"Halafu nyota nazo zitazimika, moja moja, kama taa za sokoni watu wakifunga. Patabaki giza na baridi."

"Halafu?"

"Halafu basi, bibi. Muda unaendelea tu. Wataalamu wengi ndivyo wanavyodhani."

"Unaendelea mpaka lini?"

Hanadi akainua mabega. "Huko hakuna lini. Hata wa kuuliza hatakuwapo."

"Makubwa!" akasema Bi Kholood, akaomba aongezewe kahawa. Bi Zeyana alikiweka kikombe chake chini kikiwa nusu. Alirudi nyumbani jua likiwa bado linawaka, na njia nzima alisikia baridi.

Msinielewe vibaya. Bi Zeyana ni mtu wa dini, na Akhera aliiamini na anaiamini. Kiyama, hesabu, Pepo na Moto, yote alifundishwa utotoni, na hayakumnyima usingizi kwa sababu aliyaona kama mahali pa kufika. Ukifika, umefika. Hakuwahi kukaa akafikiri kwamba ukishafika ndio kwanza unaanza, na mwanzo huo hauna ncha ya pili. Hata raha nayo ikamtisha. Akawaza bustani na mito, wazazi wake, marehemu mumewe Sufiani kakaa kivulini. Miaka elfu imepita, elfu nyingine imepita, na mbele hakujapungua hata punje! Hapo huketi kitandani, akaleta istighfari, akimwomba Mungu msamaha. Kisha huwasha redio ili asikie sauti ya binadamu, hata kama ni tangazo la sabuni.

Na angemweleza nani? Mwosha maiti anauogopa umilele! Mji mzima ungemcheka. Baada ya yale ya Zinga akaanza kusingizia maumivu ya kiuno. Misiba ikaja, watu wakamfuata, naye akawaelekeza kwa Maulida, kisha akajifungia jikoni na visheti vyake huku aibu ikimtafuna.

Ndipo Bi Kholood alipomwita. Alikuwa amerudishwa kutoka hospitali, na wakubwa wa nyumba walishajua kwamba kurudishwa huko si kupona. Hanadi alimfungulia mlango, macho yamemvimba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Yu macho?"

"Anakungoja wewe tangu asubuhi. Wengine wote anawafukuza."

Chumbani, Bi Kholood alikuwa amepungua hata kanga zilionekana kumlemea. Alingoja mlango ufungwe.

"Nasikia una kiuno."

"Kiuno, ndiyo."

"Wacha weye! Tangu utoto, ukidanganya pua inakutoka jasho." Akapumzika, akavuta pumzi. "Unakumbuka Mwalimu Muhidini wa madrasa alivyonichapa?"

"Kwa lipi? Wewe alikuchapa kila siku."

"Siku ile alipotufundisha kwamba Akhera watu watakaa abada, milele na milele. Nikamuuliza, abada mpaka lini, mwalimu? Kikoto kikanishukia mgongoni. Lakini jibu hakunipa, Zeyana. Mpaka leo sijalipata." Macho yake yalikuwa yamekodoka, na mkono wake ulimshika Bi Zeyana kwa nguvu ambayo mgonjwa hakutarajiwa kuwa nayo. "Naogopa. Siogopi kutoka roho. Naogopa ule urefu. Wewe umewaosha wote, mama yangu umemwosha wewe. Unajua kitu. Niambie."

Mwosha ana amana yake: aliyoyaona kitandani hayatoki kinywani mwake. Watu wakakiona kinywa kimefungwa, wakadhani ndani mna hazina. Masikini Bi Zeyana! Alichokuwa ameona miaka yote ni watu waliochoka. Wengine makovu, wengine mikunjo ya uzazi, wengine uso umetulia, wengine haukutulia. Neno zuri lilikuwa tayari ulimini mwake: Nimewaona wakitabasamu, wote. Angelisema tu, na shoga yake angelala.

Pua ikaanza kumtoka jasho.

"Sijui kitu, Kholood," akasema. "Wallahi sijui. Na mimi naogopa hilohilo, tangu siku ile ya Hanadi na jua lake. Naogopa mpaka kazi imenishinda. Kiuno changu ndicho hicho."

Bi Kholood akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na Bi Zeyana akamwinua kichwa mpaka kikapita.

"Tumekwisha!" akasema akifuta machozi. "Mtu mzima nakutegemea wewe, kumbe wewe nawe umejificha mvunguni."

"Nisamehe, shoga yangu."

"Utaniosha?"

"Mikono inakataa."

"Itakubali. Mimi sitaki mikono ya mgeni. Na usininyamazie. Nyinyi waosha mnanyamaza kama mnaiba kuku. Nizungumzishe."

"Maiti hazungumzishwi, Kholood. Hutajwa Mungu."

"Mtaje Mungu, kisha nizungumzishe. Habari za mtaani, zozote. Huo urefu nauanza nikisikia sauti yako, au ya Maulida akinililia vibaya?"

Bi Zeyana akasema inshallah.

Wiki ileile, asubuhi, Bi Kholood akafariki. Mwanawe Humoud akatangaza kwamba maziko ni baada ya Adhuhuri. Ufuo ukachimbwa, maji yakapashwa moto na kutiwa majani ya mkunazi, kafuri ikasagwa, sanda ikakatwa. Bi Zeyana akafika mlangoni pa chumba akakwama. Vilio vya wanawake vilitoka sebuleni, na mbele yake ile shuka nyeupe ilikuwa haipandi wala haishuki.

"Kama huwezi, dada, nimwite mwingine," Maulida akasema kwa upole. "Hakuna atakayekulaumu."

Mikono ya mgeni. Bi Zeyana akakunja mikono ya gauni, akaingia. Akachota maji, akainua kata, na palepale urefu ule ukamsimamia mbele, mweusi, bila ncha.

"Bismillahi," akasema. "Kholood, maji ni ya vuguvugu. Nimeyapima mwenyewe."

Maji yakashuka.

Maulida akamtolea macho. Bi Zeyana akaosha upande wa kulia, kisha wa kushoto, akimtaja Mungu kama ipasavyo, na katikati akazungumza. Visheti vya asubuhi vimeungua vyote. Hanadi hana kiatu cha mguu mmoja, anapokea watu pekupeku. Sasa tunakugeuza, shoga, Maulida amekushika vizuri. Jirani wa nyuma amekuja na kilio kikubwa kuliko watoto wako, unamjua. Woga haukumtoka. Ulikuwa umekaa kooni kama mwiba wa samaki, na kila neno lilipita pembeni yake kwa taabu. Lakini lilipita, na mkono ukafuata.

Walipomfuta maji, akamsuka nywele mikia mitatu kama inavyofanywa. Zilikuwa zimebaki chache, laini. Zamani, kabla ya kwenda kusoma, walikuwa wakisukana hivihivi, na Kholood hakuwahi kutulia.

"Leo umetulia," akamwambia, na hapo ndipo alipolia.

Wakampaka kafuri. Wakamvika sanda, vipande vyake vyote, wakaacha uso wazi. Watoto na wajukuu wakaingia kuaga, wakatoka wakishikana. Maulida akaushika ukanda wa kufungia sanda kichwani, akangoja. Msikitini swala ya Adhuhuri ilishakwisha, na nje sauti za wanaume zilikuwa zimejaa njia.

"Bi Zeyana!" Humoud akaita kutoka barazani. "Tayari? Jeneza liko mlangoni, watu wanangoja."

Maiti hacheleweshwi. Nani asiyejua, na nani ajuaye kuliko yeye, aliyeharakisha wageni wake wote? Maulida akausogeza ukanda.

"Bado," akasema Bi Zeyana.

"Bado nini, dada? Tumemaliza."

Bi Zeyana akavuta kigoda, akaketi kichwani pa kitanda.

"Bado kidogo!" akaita, kwa sauti iliyofika barazani na kuwanyamazisha watu. Kisha akainama, mpaka mdomo ukawa karibu na sikio la Kholood.

"Enhe," akasema, "nilikuwa nakwambia habari za yule jirani."