Uso Kwenye Nguzo ya Tatu

Praxeda alikaa miezi mitatu mjini, mtaa wa Makorora, kwa binti yake, akiuguza mguu. Siku aliyorudi kigangoni, kule kwenye shamba la mkonge, alisukuma mlango wa kanisa, akarudi nyuma hatua moja. Vigae! Kuta zote zimebandikwa vigae vya bluu vyenye picha za samaki, vile vya bafuni kwa mtu mwenye pesa asiye na haya.

Kanisa lile padre mmoja Mzungu alilijenga kwa mfano wa makanisa ya kale ya kwao: kuta nene, madirisha madogo, matao ya nusu duara, nguzo fupi zilizonenepa, na juu ya kila nguzo jiwe lililochongwa majani au ndege. Sasa matao yamefunikwa kwa jipsamu yakawa mraba kama milango ya duka, taa za rangi zinakonyeza altareni, na nguzo zimepakwa rangi ya dhahabu. Ukumbi wa harusi huu, aliwaza Praxeda, tena ule wa ovyo. Mungu anisamehe.

Alichechemea hadi nguzo ya tatu. Hapo baba yake, mwashi Ernesti, alichonga uso wa mkewe, aliyefariki siku aliyomzaa Praxeda. Picha nyingine ya mama huyo haikuwapo duniani. Kila mwaka kabla ya Pasaka, wanawake walipopaka kanisa chokaa, nguzo ile walimwachia Praxeda, naye aliupangusa uso ule taratibu, kidole kikifuata ufa wa jiwe shavuni, huku akimwamkia mama yake.

Nguzo ilikuwa laini juu hadi chini.

"Shikamoo, mama," alisema Bryson, mwenyekiti wa kamati ya ukarabati, meno yote nje. "Unaonaje? Na sisi tumependeza!"

"Uso uko wapi?"

"Ule? Ulitokeza mno, ukaharibu mstari. Fundi aliugonga nyundo, vipande tukajazia sakafu."

Praxeda alitazama chini, akainua mguu, asijue pa kuuweka. Alitamani kumtemea mate.

"Alikuwa mama yangu, Bryson."

Tabasamu likamkauka yule bwana. "Yesu wangu! Hakuna aliyetuambia. Tutamchora upya, mama, palepale. Nieleze tu alikuwaje."

"Alikuwa na pua pana," alianza Praxeda. "Macho ameyafumba. Na shavuni hapa ana ufa..."

Akashusha kidole. Shavu lisilo na ufa hakuwahi kuliona.