Mtindi Namba Ishirini na Saba

"Mtu ana kibuyu kinachotangazwa kanisani, halafu anakuja kuomba mtindi kwangu. Hiyo nayo ni nini, Mama Jovitus?"

Mukantabana alikuwa amesimama upande wake wa ua, jembe begani, miguu ikiwa bado na udongo wa shambani. Hakupaza sauti. Angepaza, Adelgunda angejua la kumjibu, maana kwa maneno ya sauti ya juu hapakuwa na mwanamke wa kumshinda kuanzia Mabira mpaka Isingiro. Kilichomkwamisha ni ule upole wa jirani yake, upole wa mtu anayeuliza kwa sababu kweli anataka kujua.

"Nimeomba kidogo tu, jirani."

"Jumatatu ulikuja na kikombe. Jumatano ukaja na jagi. Leo Alhamisi umekuja na ndoo."

"Ndoo ndogo."

"Ndoo ni ndoo. Unauza?"

"Niuze mimi? Mtindi?"

"Basi unaupeleka wapi? Wewe una ng'ombe wawili wanaokamuliwa. Mimi ninaye mmoja, tena ameshachoka kuliko mimi. Hao wageni wako wa chuo kikuu wakisikia kwamba mwenye kibuyu bora anashinda kwenye ua wangu na ndoo, watasemaje?"

 Shingoni Adelgunda alihisi joto likipanda, kama lile linalompata mtu aliyesahau sufuria jikoni na amekumbuka akiwa sokoni. Kesho saa nne wangefika. Kesho ilikuwa imebakiza mchana mmoja na usiku mmoja tu.

Mambo yalianza vizuri, kama mambo mengi yanayokuja kuharibika. Miezi mitatu nyuma alipita kijana mmoja mtafiti, Melkiory, mrefu, mpole, mwenye shikamoo kwa kila aliyemzidi hata mwaka mmoja. Alizunguka Kamuli, Isingiro na Mabira akiomba mtindi nyumba kwa nyumba. Alieleza kwamba ndani ya mtindi mnaishi vijidudu visivyoonekana, na si kila kijidudu ni adui. Vingine vinapofika utumboni vinajenga kambi na kuwafukuza waharibifu. Taabu ni kwamba vingi hufia njiani, kwenye uchachu mkali wa tumboni, kabla havijafika vinakotakiwa. Yeye alikuwa anatafuta vinavyofika vikiwa hai, ili zahanati ijaribu kuwapa watoto wanaohara, wakapona, wakahara tena. Adelgunda alisikiliza huku akimfikiria mtoto wa Protase, nyumba ya tatu kutoka barabarani, ambaye mwaka huu peke yake alikuwa amewekewa dripu mara tatu, na shingo yake imekuwa nyembamba kama ya kuku aliyenyonyolewa.

"Kesho hapa Mabira tuanzie kwangu," alisema. Nyumba ya Adelgunda haikujua kukaa bila wageni. Mtu aliyepita na habari aliingia, na asiyekuwa nayo aliingia kuichukua.

Jioni ile alifagia, akakata nyasi mbichi na kuzitandaza sebuleni, akaosha vikombe. Ndipo macho yake yakaangukia kibuyu. Kilikuwa cha mama mkwe wake, nacho kilikuwa na umri mkubwa kuliko ndoa yake. Kwa miaka yote hiyo hakikujua sabuni. Kilisuuzwa kwa maji ya moto, kikafukizwa kwa moshi wa nyasi, kikajazwa maziwa tena. Siku zote alikiona kizuri. Jioni ile alikitazama kwa macho ya mgeni wa chuo kikuu, akaona kitu cheusi, chenye mafuta, kinachonuka moshi. Alikionea aibu. Akamwaga mtindi uliokuwamo, akachemsha maji, akatia sabuni ya unga, akatia mchanga wa kusugulia, na kwa kutaka kumaliza kazi kabisa akaongeza dawa ya kung'arishia mashuka. Kilipotoka humo kilikuwa cheupe kama jino.

Na mtindi hakuwa nao tena hata tone.

Hivyo akaenda kwenye pengo la ua, akamwomba Mukantabana jagi moja kwa ajili ya wageni. Hapo hakusema uongo. Asubuhi, gari liliposikika likipanda kilima, akaumimina kwenye kibuyu chake kinachong'aa. Melkiory akachota, akafunga chupa, akaandika 27. Sebule ilikuwa imejaa watu kumi na wanne, chai inapita, kila mtu anaongea. "Huu ni wa kwako, mama?" Melkiory aliuliza. Naye alijibu, "Kunywa chai, mwanangu, huu ni wa hapa hapa," akatia sahihi palipooneshwa. Kati ya chupa arobaini, nani angedhani itatajwa hiyo?

Jumapili iliyopita katekista alitangaza baada ya misa kwamba vijidudu vya namba ishirini na saba, mtindi wa Mama Jovitus, ndivyo vilivyofika hai, na Ijumaa watafiti wangerudi kuuchukua. Vigelegele vikapigwa. Tangu siku hiyo Adelgunda hakulala usingizi wa maana. Mara mbili alipanda mtindi wa Mukantabana kwenye maziwa mapya, na mara mbili kile kibuyu cheupe kiliua mbegu ya kugandishia. Kilitoa kitu chenye utelezi na harufu ya kufulia. Mumewe Clavery, ambaye hakuambiwa lolote, alikunywa bakuli zima Jumatano. Hadi jua linazama alikuwa ameifanya njia ya chooni kuwa barabara.

"Mke wangu," alisema akirudi safari ya sita, mkono tumboni, "huu mtindi una ugomvi na mimi?"

Adelgunda hakucheka. Alikuwa anauona uso wa mtoto wa Protase.

Sasa Mukantabana alikuwa bado amesimama mbele yake, anasubiri jibu.

"Nilikiosha," Adelgunda alisema.

"Nini?"

"Kibuyu. Nilikiosha kwa sabuni. Na dawa ya mashuka."

Mukantabana alishusha jembe. "Kibuyu cha mama mkwe wako?"

"Hicho hicho."

Kicheko kilimtoka Mukantabana bila kuomba ruhusa. Alishika mpini, akainama, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Mwanamke huyu. Kwa nini hukukipaka na rangi?" Kisha kicheko kikakatika, kama mtu aliyesikia hatua nyuma yake. "Kwa hiyo siku ile walichukua..."

"Wa kwako. Namba ishirini na saba ni wa kwako."

Adelgunda alikuwa amejiandaa kuitwa mwizi. Usiku kucha alikuwa ameyapanga majibu yake. Lakini Mukantabana alitazama barabarani kwanza, upande mmoja, halafu upande wa pili.

"Umenitaja?"

"Sijamtajia mtu."

"Kwenye karatasi zao, jina langu halimo?"

"Halimo."

"Basi lisiwemo." Akaichukua ndoo, akaingia nayo ndani. Aliporudi ilikuwa imejaa, mfuniko umekazwa. "Chukua. Sema ni wa kwako. Ulishaanza, malizia."

Adelgunda alirudi kwake na ndoo ile ikiwa nzito kuliko mtindi uliokuwamo. Habari ya jirani yake aliijua, kama kila mtu alivyoijua na kuisimulia, na yeye mwenyewe akiwa msimulizi mkuu. Mama yake Mukantabana alivuka mpaka na mzigo kichwani. Binti akazaliwa hapa hapa Mabira, chini ya migomba, bila karatasi ya kuthibitisha. Mwaka ule watu walipokuwa wakiulizwa vyeti njiani, na asiye navyo akirudishwa ng'ambo ya mpaka, alikaa siku tisa kwenye mibuni ya watu, akila anachopelekewa. Tangu hapo hajiandikishi kwenye chandarua cha bure, wala kikundi cha kina mama, wala daftari la mbolea. Siku ya Melkiory alifunga mlango, akasemekana yuko shamba. Habari hiyo Adelgunda aliwahi kuchekeshea watu, sebuleni, juu ya nyasi mbichi. 

Ijumaa gari lilifika saa nne kasoro. Alishuka Melkiory, akashuka muuguzi wa zahanati akiwa na sanduku la barafu, na nyuma yao kwa pikipiki akaja Athanasi, mwenyekiti wa kitongoji, na muhuri wake kwenye mfuko wa shati. Watu walikuwa wameshajaa uani. Protase alikuwapo, mtoto mgongoni amefungwa kwa kitenge cha mkewe, na hakuna aliyemcheka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mtindi huu hapa." Adelgunda alisukuma ndoo mbele haraka, kama anayetaka kumaliza mtihani kabla maswali hayajasomwa.

Melkiory alitabasamu. "Ahsante. Lakini leo tunataka kibuyu chenyewe. Mbegu halisi imejificha kwenye kuta zake, ndani. Nitapangusa kidogo kwa pamba, nikaioteshe maabara. Jumatatu watoto waanze."

Clavery akakileta. Kiling'aa juani. Melkiory akakipokea, akakigeuza, akakinusa mdomoni. Tabasamu lilipungua taratibu, kama mwanga wa taa inayoishiwa mafuta.  Alitoa karatasi. "Basi mama, kabla ya yote, thibitisha hapa kwamba mtindi namba ishirini na saba ulitoka kwako, mwenyekiti atagonga muhuri."

Kalamu ilikuwa nyepesi mno. Adelgunda aliishika, akamtazama mtoto wa Protase, aliyekuwa amelaza shavu kwenye mgongo wa baba yake na macho yako wazi, hayaangalii popote.

"Si wa kwangu," alisema. "Hiki nilikiharibu kwa sabuni kabla hamjaja mara ya kwanza. Mtindi ule niliomba."

 Minong'ono ikaanza nyuma na kuja mbele.

"Uliomba kwa nani?" Athanasi aliuliza.

Maisha yake yote hakuna swali lililomfurahisha Adelgunda kama *kwa nani*. Majina ya watu yalimtoka mdomoni kama maharage kwenye gunia lililotoboka. Sasa lilikuwapo moja tu, limefika kwenye ulimi, na watu arobaini walikuwa wanalingoja. 

"Niliomba kwa mtu."

"Mtu yupi? Mama Jovitus, leo umesahau majina?" Wachache walicheka.

"Leo nimesahau."

Melkiory alikunja karatasi katikati. Sauti yake haikuwa na hasira; ingekuwa nayo ingekuwa nafuu. "Mama, bila mwenyewe kukubali, siwezi kuchukua hata kijiko. Sheria ya kazi yetu ni hiyo. Namba ishirini na saba itafutwa, tutaanza upya. Labda mwakani."

"Mwakani," Protase alirudia, polepole, kama neno la lugha asiyoijua.

Athanasi alikuwa ameanza kutazama huku na huku, nyumba hadi nyumba, naye hakuwa mtu wa kukosa kujua. Adelgunda alijisogeza hatua moja, akasimama kati ya mwenyekiti na pengo la ua. Alijua kwamba tendo hilo lenyewe lilikuwa jibu. Hata hivyo hakuondoka.

Nyuma yake majani ya miramura ya ua yalichakarika. Hakugeuka. Aliona tu nyuso za watu zikihama kutoka kwake kwenda juu ya bega lake.

"Mnamsimamisha mama wa watu juani kwa ajili ya mtindi," alisema Mukantabana. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, na mikono yake ilikuwa imefumbatana tumboni. Alimtazama Melkiory, akamtazama mwenyekiti na mfuko wake wa shati, akamtazama mtoto. "Kibuyu chenye mbegu kiko ndani kwangu, kimening'inia juu ya moto. Na kingine, chenye mtindi wa jana, kipo."

"Tutahitaji jina lako, mama," Melkiory alisema, "na ridhaa yako. Si kwa kazi nyingine."

"Nimesikia. Nilikuwa nasikia tangu mwanzo."  "Kalamu kaa nayo mfukoni kwanza. Nimepika ndizi na maharage, mtindi upo, na kwangu mgeni haulizwi wala haulizi akiwa na njaa. Protase, mlete mtoto. Wewe mwenyekiti, viatu mlangoni."

Akapita mbele ya Adelgunda, akafika kwenye pengo, akageuka.

"Na wewe, Mama Jovitus, unangoja nini hapo? Ingia tule."