Mtani Haombwi Radhi

Theodora alikuwa na kanuni moja tu kwa vijana wake, naye hakuchoka kuirudia: mtu asijibu maoni ya mtandaoni kabla yeye hajayaona. Kanuni nzuri, ila vijana ni vijana. Ukiwapa simu na ukurasa wenye wafuasi, umempa fisi bucha alinde.

Kazi yake ilikuwa kuendesha klabu ya vijana ya jumba dogo la makumbusho pale Gongoni, mjini Tabora, lenye vitu vya wapagazi waliobeba mizigo toka huko mpaka pwani. Jumba lilikuwa likifa kwa vumbi mpaka wanafunzi wale wa sekondari walipoanza kuvipiga picha vitu hivyo na kuvieleza mtandaoni. Ndipo wageni wakaanza kuja, hata toka Nzega na Igunga.

Jumapili moja Shamimu, binti wa kidato cha tatu, aliweka picha ya mti wa mzega, ule ambao mpagazi aliutia begani mizigo ikining'inia ncha zote mbili. Mtu aliyejiita Mzee Yahaya wa Kisarawe akaandika chini yake: "Mti huo babu yenu aliuacha kwetu alipokimbia na kuku wetu. Rudisheni kuku."

Shamimu hakungoja mtu. Akajibu: "Kuku tulishamla kwenye matanga yako, marehemu. Huko kaburini nani kakuwekea bando?"

Theodora alipoyasoma kesho yake alipaliwa na chai. Yeye kwao Bukoba, na Tabora alikuwa bado mgeni. Shamimu alimweleza kwamba Mnyamwezi kama yeye na Mzaramo kama mzee yule wa Kisarawe ni watani tangu enzi za misafara, wanatukanana hata msibani na hakasiriki mtu. Theodora akaona hicho ni kisingizio. Alifuta yote, akaandika radhi ndefu yenye adabu tele na nembo ya jumba juu yake. Basi akawa amepuliza moto. Waliokuwa hawana habari wakauliza kilichofutwa ni nini, aliyekipiga picha akakisambaza, na jioni watu wa Arusha na Mwanza walikuwa wanashangaa makumbusho gani haya yanayomtakia mzee kifo.

Kisha likaja la kuvunja mgongo. Mtu mmoja aliandika kwamba Mzee Yahaya amefiwa na mdogo wake wa tumbo moja, tena Jumapili ileile.

Hapo hata Shamimu akaingiwa na shaka. Akasema labda utani ni wa uso kwa uso, labda kwa simu haufiki, na yeye kamtania mtu asiyemjua akiwa na maiti ndani. Alilia sana. Theodora hasira zikamwisha, akamkumbatia. Lakini Mzee Abbasi, mwenyekiti wa bodi, mtu mpole anayewaogopa wafadhili kuliko radi, alikuwa ameshapigiwa simu za malalamiko. Alisema wazi kwamba familia ile isiposamehe, klabu anaifunga Ijumaa.

Theodora akaitafuta namba ya Mzee Yahaya mpaka akaipata. Alhamisi akapiga mbele ya Abbasi na Shamimu, akaweka spika. Alijitambulisha, akatoa pole, akaanza kuomba radhi upya. Sauti nzito ikamkatiza.

"Mama, nani kakutuma uniombe radhi? Radhi ni ya wageni. Mmenifukuza kwa watani zangu, na mie nina msiba."

Akaeleza kwamba zamani asingekosekana Mnyamwezi wa kuyavuruga matanga, akawachekesha wafiwa mpaka wakala. Safari hii hakutokea hata mmoja. Mjane alikuwa hajatia kitu kinywani mpaka asubuhi ya mazishi, mjukuu alipoyasoma maneno ya Shamimu kwa sauti. Mjane akacheka, akaomba uji. Walipotaka kuyasoma tena wakakuta radhi.

"Huyo mtoto yupo?" akauliza.

Theodora akajibu kwamba yupo. Akampa Shamimu simu.

"Shikamoo babu," Shamimu akasema kwa sauti ndogo. "Pole kwa msiba."

"Marahaba. Pole ya namna hiyo nimeshapewa na mama wa ofisini. Wewe nipe yako."

Binti akamtazama Theodora, na Theodora, pamoja na kanuni yake, akaitikia kwa kichwa.

"Babu, nyie Wazaramo hata kuzika hamjui? Sisi tulisema marehemu ni wewe. Sasa mmemzika nani?"

Mzee Abbasi akafumba macho. Kwenye simu kikaja kicheko kirefu cha kukohoakohoa, na katikati ya kicheko Mzee Yahaya akaanza kulia kwa sauti, akimwita mdogo wake kwa jina. Abbasi alijifuta uso kwa mkono wa kanzu, akamnong'oneza Theodora kwamba radhi ile iondolewe leo hii na vijana waendelee na kazi yao.

Shamimu hakukata simu. Alimngoja babu mpaka akamaliza kulia.