Kidonge Kwenye Shavu la Heringi

Miezi mitano nilimpa nyangumi vidonge vya uzazi wa mpango, na miezi mitano hiyo hiyo shakwe ndio waliokuwa wakivila. Cheka tu. Hata mimi ningecheka kama yangemfika mwenzangu.

Naitwa Wendell Stroud. Miaka ishirini na saba nimekuwa mwalimu wa orka pale Tarrow Bay, Florida, kwenye bustani ya maonyesho ambayo ukiitaja siku hizi watu wanakunja nyuso. Orka wangu, wale nyangumi weusi wenye mabaka meupe, nimewafundisha kuruka, kupunga pezi na kumwagia maji watu wa safu za mbele. Zamani nikivaa sare yangu dukani watoto walinifuata. Sasa naivua kabla sijashuka garini.

Mwezi wa tatu bosi wetu, Garland Tibbs, alitukusanya kantini akatusomea karatasi. Orka hawatazalishwa tena. Hawa tulio nao ndio wa mwisho, wataishi hapa mpaka wafe, na majike wote wataanza vidonge. Alisema uamuzi umetokana na kutafakari kwa kina. Kutafakari gani? Shule zilikuwa zimeacha kuleta watoto, na pale getini watu walikuwa wanapiga kelele miaka mitatu mfululizo. Wenzangu wengine walipiga makofi, wengine walilia. Mimi niliendelea kula mkate wangu wa kambare hadi ukaisha, na ungeniuliza ladha yake nisingekuwa na jibu.

Mmoja wa hao wa getini alikuwa binti yangu. Maren ana miaka ishirini na minne, tunaishi nyumba moja, na gari ni moja. Kila Jumamosi nilimpeleka mwenyewe kwenye maandamano dhidi yangu. Alishuka kabla ya kona na bango lake ili wenzake wasimwone na mimi, nami nikaingia kwa kitambulisho changu. Jioni nilimpitia pale pale kwenye kona, tukaenda kununua kuku.

Siku ya ile karatasi nilimkuta mezani.

"Haya, mmeshinda," nikamwambia.

"Tumeshinda, baba. Hata wewe."

"Mimi nimeshinda nini?"

"Hutamtoa tena mtoto kwa mama yake."

Hapo alinigusa penye kidonda. Miaka tisa iliyopita Miska, jike letu kubwa, alikuwa na mtoto wa miaka minne aitwaye Tolly. Bustani nyingine ilimtaka. Mimi ndiye niliyesimama kando ya bwawa nikampa Tolly ishara ya mkono niliyomfundisha mwenyewe, njoo, na akaja mbio, akaingia kwenye machela akidhani kuna samaki. Kreni ikamnyanyua. Miska alikaa kwenye kona ya bwawa siku kumi na moja akitoa sauti ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuisikia. Siku ya kumi na moja nilikaa ukingoni nikamwambia, "Utapata mwingine, mama. Nakuahidi." Utasema mnyama haahidiwi. Sawa. Mimi niliahidi.

Sasa niambie furaha yangu ilitakiwa ikae wapi. Maren alisikia ushindi kwenye ile karatasi, mimi nikasikia ahadi yangu imekufa. Halafu nikijiambia Miska ameonewa, nakumbuka kuwa huyo mwingine naye angeweza kupandishwa lori, na wa kumwita kwa mkono ningekuwa mimi. Nilikuwa nageuza jambo hilo hivi na hivi, na kila upande lilikuwa linachoma.

Lakini kazi ni kazi. Kila asubuhi nilipasua kidogo shavu la heringi, nikaingiza kidonge, nikampa Miska kama samaki wa tatu. Baada ya hapo alifungua kinywa. Nilitazama ulimi, nikatazama pembeni, na nikiona hakuna kitu nilipuliza kipenga. Kwao kipenga maana yake ni hapo hapo, umefanya vizuri, malipo yanakuja. Nikamwongezea samaki, nikaandika kwenye daftari: amemeza. Kwa kuwa majike walikuwa kwenye vidonge, tulifungua milango ya mabwawa ili waogelee pamoja kama familia. Boreas, dume letu, akahamia kwa Miska tangu mwezi wa nne.

Mwezi wa nane, siku moja nimekaa kwenye viti vya watazamaji natafuna karanga za kuchemsha, nikamwona Miska amekuja juu, akatema heringi mzima majini, akazama. Huo ni mchezo wake. Anaweka chambo, shakwe anashuka, naye anamvizia kutoka chini. Siku hiyo hakumvizia. Shakwe alimla samaki mzima taratibu, na Miska akamtazama tu. Kabla samaki hajaisha nikaona shavu lake. Lilikuwa limepasuliwa, mpasuo mdogo wa kisu changu.

Nikaweka karanga chini. Unajua nani aliyemfundisha kuficha samaki kooni na kumrudisha? Mimi. Miaka kumi na miwili nyuma nilimwona akijaribu, nikapenda, nikapuliza kipenga, nikamlipa, na likawa onyesho la watu kucheka. Na sasa kila asubuhi kinywa kilipokuwa kitupu, samaki akiwa kooni, nilipuliza tena. Nilikuwa namlipa ili anidanganye, na daftari lote nimejaza uongo kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Sikumwambia mtu kazini. Nilirudi nyumbani nikamwambia Maren.

Aliweka uma chini. "Kwa hiyo ana mimba?"

"Sijui."

"Alifanya makusudi?"

"Maren, huyu ni nyangumi anayependa kuchezea ndege."

"Hujanijibu."

"Kwa sababu sijui. Tangu mchana najiuliza. Kama ni mchezo, basi ni mchezo. Kama si mchezo..."

Alisukuma sahani yake kando. Huyu ni mtu ambaye amesimama juani miaka mitatu akisema asizaliwe hata mmoja zaidi ndani ya saruji ile.

"Nikiomba awe nayo, baba, mimi ni mtu wa namna gani?"

"Wa nyumba hii," nikamwambia. "Kula, chakula kinapoa."

Kesho yake nilikwenda kwa Daktari Quist, mganga wetu wa wanyama, mwanamke mrefu asiyepaka maneno asali. Nilimweleza yote, na daftari nikaliweka mbele yake. Alinitazama juu ya miwani.

"Wendell, umewapangia uzazi shakwe wa kaunti nzima."

"Najua."

"Miaka ishirini na saba ya kazi."

"Nimesema najua, Daktari."

Alileta mashine ya kupiga picha ya tumbo. Mimi nilipiga magoti ukingoni, nikampa Miska ishara, na Miska akalala chali akanipa tumbo lake jeupe. Ni ishara ile ile niliyompa mwaka alipopandikizwa mbegu za kumzaa Tolly. Kwake haina historia, au inayo, siwezi kukwambia. Nilimshika pezi. Daktari alipitisha kifaa polepole, akarudia, akarudia tena. Mimi nilikuwa natazama kioo kama mtu anayesubiri majibu ya mkewe. Kulikuwa na kijivu, na kijivu kingine. Nilijikuta naomba. Na nikwambie ukweli wangu wa aibu, sikujua naomba nini. Nilisema moyoni iwepo, na pumzi hiyo hiyo nikasema isiwepo.

"Hakuna kitu," Daktari akasema. "Mtupu."

"Afadhali," nikasema, na machozi yakanitoka mbele ya watu.

Akafuta kifaa chake. "Hiyo ni furaha au majonzi?"

"Nikijua nitakwambia."

"Kidonge cha leo umpe sasa hivi. Safari hii hakikisha kimeshuka." Akainama kukunja nyaya zake.

Nikapasua shavu la heringi. Nikampa samaki wa kwanza, wa pili, na wa tatu huyo mwenye dawa. Miska akafungua kinywa. Ulimi mtupu, pembeni safi, hakuna kitu. Akanitazama kwa jicho moja, anasubiri kipenga.

Kipenga kilikuwa mdomoni mwangu. Daktari amenipa mgongo. Ningepuliza tu, kama nilivyopuliza asubuhi zote hizo, na Boreas alikuwa pale pale nyuma yake, na ahadi yangu ingekuwa bado hai. Hakuna ambaye angejua. Halafu akilini nikamwona Tolly akija mbio kwenye machela. Sikupuliza.

Miska akangoja. Kinywa kiko wazi, maji yanachuruzika. Angeweza kuondoka na yule samaki kooni. Shakwe wawili walikuwa tayari kwenye reli wanasubiri riziki yao. Badala yake koo lake likatikisika, akamrudisha yule heringi hadi kwenye ulimi, akasogea, akamweka mkononi mwangu. Mzima, shavu limepasuliwa, kidonge kimo. Sikuwa nimemwomba. Nadhani aliona hakuna kipenga, akaona amekosea mahali, akataka kurekebisha.

Hapo ningeweza kumpa shakwe yule samaki, kwa mkono wangu mwenyewe, na liwalo liwe. Lakini nilimrudisha ndani ya kinywa cha Miska. Nikamsukuma hadi kooni, mkono wangu ukazama mpaka kiwiko, meno yake pande zote mbili za ngozi yangu. Hakuuma. Alishika taya lake wazi mpaka nilipotoa mkono, kisha akafunga, na nikaona koo linashuka. Akafungua tena ili nione.

Nilipuliza kipenga. Nikamlipa samaki wawili, kisha ndoo nzima, na nikaandika: amemeza. Safari hii ilikuwa kweli.

Jioni Maren alikuwa amepika, jambo ambalo halitokei. Nilimwambia hakuna mimba. Akakaa. Nikaona uso wake unajaribu kufurahi na unashindwa, kama wangu.

"Na kidonge?"

"Amemezeshwa."

"Wewe ulimmezesha?"

"Alinirudishia kwanza. Aliniwekea mkononi. Nikampa tena, akameza."

"Alimeza kwa sababu alitaka, au kwa sababu ulimwambia?"

Nilitazama mkono wangu. Ulikuwa bado unanuka heringi, na haukuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Kwa sababu nilimwambia."

"Hicho ndicho tulichokuwa tunakisema pale getini, baba," akasema. Hakusema kwa kuringa. Alisema polepole, huku anafuta macho kwa kitambaa cha meza.

Nikachukua sahani, nikampakulia, nikajipakulia na mimi, na tukala. Kesho yake saa moja asubuhi nilikuwa ukingoni tena na kisu changu, napasua shavu la heringi, na Miska alikuwa ameshafika ananingoja.