Uvimbe Uliomsubiri Bibi

Luyando Hamoonga alikuwa na hasira hata chai ikamshinda kunywa. Miaka yote hiyo amejifungia katika maabara ya hospitali ya watoto pale Ndola, anapima vipande vya saratani ya figo ili ajue seli zake zinakula nini na zinatema nini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumtajia habari ya beseni.

Aliigundua kwa bahati tu. Mtumishi anayeleta vipande kutoka chumba cha upasuaji alikuwa anaumwa, Luyando akaenda mwenyewe na chupa yake ya kugandishia. Daktari Zimba alikuwa ndiyo kwanza amemtoa Mapalo, mtoto wa miaka minne, uvimbe mkubwa kuliko ngumi ya mtu mzima. Luyando akaomba kipande, akakatiwa, akakigandisha papo hapo.

"Kile cha kawaida nitakuletea baadaye," Zimba akasema.

"Cha kawaida kipi tena?"

"Kwani si mpaka ndugu wauone kwanza?"

Muuguzi akaupeleka uvimbe koridoni katika beseni la bati. Hospitali ile ina desturi ya kuwaonyesha ndugu kilichotolewa, wasije wakatangaza mjini kwamba mtoto ameibiwa figo likauzwa. Luyando hakuidharau desturi hiyo, maana maneno ya namna hiyo yamewahi kuwafanya wazazi wafiche wagonjwa nyumbani. Lakini bibi wa mtoto alikuwa bado yuko njiani kutoka Kapiri, na beseni likawekwa juu ya benchi, katika joto la Oktoba, limsubiri. Bibi alifika watu wanakula nshima, ugali wa mchana. Akauangalia, akatikisa kichwa, na hapo ndipo kipande cha kawaida kikakatwa na kuletwa maabara.

Sasa, nyama iliyokatwa haifi saa ileile. Seli zake zinaendelea kuishi mle besenini bila damu wala hewa, zinamaliza sukari iliyobaki na kutema asidi. Ukizipima baada ya hapo, unachopima ni kule kusubiri.

Luyando akavipima vile vipande viwili vya Mapalo pamoja. Cha kwanza kilikuwa kama vya watoto wa nchi nyingine zote. Cha beseni kilikuwa hakina sukari, asidi tele, sawasawa na vyote alivyowahi kuletewa. Na ni kwa vipimo hivyo vya beseni kwamba Profesa Mwitumwa, mkuu wa idara, alikuwa ametangaza kuwa saratani ya figo ya watoto wetu inakula sukari kwa pupa, ni kali kwa maumbile, hivyo waongezewe dawa nyekundu, ile inayochosha moyo. Mapalo alipangiwa kuanza kuipata kesho yake.

Kwa hiyo asubuhi hiyo Luyando aliingia katika kikao cha madaktari bila kubisha hodi, akasema yote aliyoyaona.

"Luyando mwanangu," Profesa akasema kwa upole, "mtoto mmoja si utafiti."

"Uvimbe ni mmoja, Profesa, na majibu ni mawili. Au huo uvimbe ulikuwa mpole asubuhi, ukapandwa na hasira mchana?"

Daktari mmoja akacheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Makala imeshatoka. Wamenialika Accra nikaizungumzie," Profesa akasema.

"Nenda basi, ukawaambie tulipima beseni."

Profesa akamgeukia Zimba. "Daktari, huwa linakaa nje muda mrefu kweli?"

Zimba alitazama viatu vyake. "Inategemea ndugu wanatoka wapi."

"Haya, mnataka tufanyeje?" Profesa akaanza kupandisha sauti. "Tukate kabla hawajaona? Nyinyi watu hawa hamuwajui. Mwambie mama wa yule mtoto asubiri uone, atapiga mayowe mpaka Kitwe wasikie."

Watu hawa. Profesa mwenyewe kazaliwa mtaa wa Masala, hapa hapa mjini, mama yake akiuza vitumbua sokoni, na leo anawazungumzia akina mama wa Masala kama mtu aliyewasikia redioni.

"Uliwahi kumuuliza?"

"Nimuulize nini?"

Luyando alifungua mlango, akamwita mama wa mtoto, Bana Mapalo kama wanavyomwita, kutoka kwenye benchi alikokuwa amekaa tangu alfajiri. Mama yule aliingia, akapiga goti kidogo na kusalimia kwa kupiga makofi ya taratibu, akabaki amesimama karibu na mlango, kitenge kimekazwa kiunoni.

"Mama, siku ile ya upasuaji, tungekuomba tukate kipande kidogo cha kupima, halafu ndiyo uonyeshwe uvimbe, ungekataa?"

Bana Mapalo aliwatazama wote, kama anatafuta mtego uko wapi.

"Ningekataa kwa nini, daktari? Mimi sikutaka hata kuuona. Nyinyi ndio mlioniambia nikae nao mpaka mama mkwe afike. Nimekaa na lile beseni nzi nawafukuza mimi." Kisha akauliza lililomleta. "Hiyo dawa nyekundu ya kesho, wanasema inaua moyo. Mwanangu anapewa au hapewi?"

Chumba kizima kikamgeukia Profesa. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hapewi," akasema.

Bana Mapalo akashukuru kwa makofi yale yale. Alishika kitasa cha mlango, akasita.

"Na Kondwani wa kitanda cha jirani, aliyemaliza kupewa? Sasa hivi hata ngazi hapandi, mama yake anambeba."

Profesa alianza kukusanya karatasi zake. Zimba hakuinua macho. Aliyemjibu ni Luyando.

"Hakutakiwa kupewa, mama."