Jina la Mwisho Kabla ya Ngoma

...na kamba ya njuga nayo imekataa, inateleza, ni ya nailoni, ya dukani hukuhuku, kule kwao milimani juu ya Uvira ingekuwa ya ngozi na ingekaa, Maombi kapiga magoti sakafuni nyuma ya pazia la ukumbi wa Vårby gård, huku Uswidi, anafunga njuga kwenye mguu wa binti yake, anafungua, anafunga tena, na wala shida si kamba, mikono yake inaijua kazi hii tangu utotoni, shida ni kwamba mtoto ameuliza swali na anangoja jibu, na mtu aliyeinamia mguu wa mwenzake angalau uso wake hauonekani. "Mamma? Ska jag ropa morbror Arsène också?" Yaani Emmanuella anataka kujua kama amwite na mjomba wake Arsène, na anauliza kwa Kiswidi, kwa sauti ileile anayoulizia kama maziwa yamekwisha, loo, watoto hawa, jiwe zima anakutupia kifuani halafu anatafuna bigijii. "Ngoja kwanza, usichezeshe mguu," Maombi anasema, na mguu wenyewe haukuchezeshwa. Upande wa pili wa pazia Wamaya bado wanacheza, wale watu wa Guatemala, wenye nchi yao tangu kabla Mhispania hajaijua, wanacheza Ngoma ya Kulungu na marimba yao inakwenda mbio kama mvua juu ya bati, wakimaliza wao ni zamu ya watu wa Maombi, na kulungu wao bado yuko hai, wawindaji wanamzunguka tu, basi muda upo, upo kidogo, hebu tulia, fikiri.

Fikiri nini sasa, sheria si anaijua, si yeye aliyeifundisha? Ngoma ya ukoo wa baba yake haianzi kwa ngoma, inaanza kwa majina, mtoto wa binti wa nyumba ile husimama peke yake mbele ya watu na kuwaita wafu, wa kale kabisa kwanza, kisha wanaofuata, mpaka wa mwisho aliyekufa, na jina hilo la mwisho likishatamkwa ndipo mpiga ngoma anapiga, si kabla, na miiko ni miwili tu, usimruke mfu, maana umemfukuza nyumbani, na usimwite aliye hai, maana umemchimbia kaburi. Miaka yote hapa Stockholm ameita Maombi mwenyewe, kwa kukosa mtu, amekuwa mtoto na mama na mjomba wa ngoma hiyo yote kwa pamoja, lakini mwaka huu Emmanuella amekua, ameketi mezani jikoni jioni baada ya jioni akiyakariri majina ya wazee ambao hata picha zao hazipo, Maombi akimkazia macho, usimruke mtu hata mmoja, umesikia? Kasikia! Tena kasikia kuliko aliyesema, maana leo, njuga mguuni, ndipo anakumbuka kwamba jina la mwisho alilofundishwa ni la babu, na baada ya babu kuna mtu ambaye nyumbani anatajwa kila siku na kwenye ngoma hayupo.

Arsène... kaka yake wa pekee, mwenye kucheka kabla hadithi haijafika mahali pa kuchekesha, ndiye aliyemfundisha Maombi kutikisa mabega bila kutikisa shingo, akimwekea sahani kichwani, ikianguka anapigwa kikonzi, na sahani za mama zilivunjika ngapi, jamani, na wote wawili wakasingizia mbuzi. Njiani kwenda Fizi lori lilisimamishwa na watu wenye bunduki, wakanyoosha vidole, wewe shuka, na wewe, na wewe, wengine endeleeni, lori likaendelea bila Arsène, mama yao akiwa ndani yake, akitazama nyuma mpaka kona. Ni hivyo tu. Hakuna aliyesikia risasi, hakuna aliyeona kaburi, hakuna aliyerudi kusema, na Emmanuella wakati huo alikuwa hajazaliwa. Sasa mtu wa namna hiyo unamweka wapi, ukimwita ni dhambi, ukimruka ni dhambi, wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, lakini wahenga hawakuishi na Koko. Maana Koko, ndivyo Emmanuella anavyomwita bibi yake, mama yule wa kwenye lori, na siku hizi wote wamefuata, Koko yuko safu ya mbele kabisa, amevaa kitenge juu ya koti la baridi, na marimba ilipoanza alisema kwa sauti ukumbi mzima ukasikia, "Hicho si chombo cha kwetu hicho? Wamekitoa wapi?" na Koko huyo kila viatu vikiuzwa kwa bei ya kutupa pale Farsta hununua vya kiume, namba arobaini na tatu, anaviweka chini ya kitanda, atakuja na miguu imechakaa, anasema, mtamvisha nini? Na siku ile kanisani mchungaji Anastase alipoteleza ulimi akasema marehemu Arsène, Koko aliinuka katikati ya sala, akatoka, akasimama kwenye theluji bila koti, hakulia, alisimama tu, mpaka mchungaji mwenyewe akatoka kuomba msamaha, yule mtu mzima, akiteleza na viatu vyake vya ngozi. Na leo aitwe Arsène mbele ya ukumbi mzima, kwa spika, na mdomo wa mjukuu? Hapana. Si utamuua mama wa watu. Sema hapana, Maombi, neno moja, mtoto ameinama sasa anakutazama.

"Mamma, men du sa..." Ndiyo, nilisema, nilisema, anajua alichosema, usimruke mtu, na hasira inampanda, si ya mtoto, ya Arsène, ndiyo, ya Arsène, amemkasirikia miaka yote hii na hajawahi kumwambia mtu, kwa nini usirudi, kwa nini usife tukajua, ulikuwa mwepesi wa kila kitu, hata hili moja limekushinda? Mungu anisamehe, mtu hamwombei kakaye hivyo. Na yule mama wa Kimaya, Tomasa, naye ndiye aliyemharibia siku tangu asubuhi, wamesoma Kiswidi darasa moja zamani, Kiswidi chao wote wawili kibovu kwa hiyo wanaelewana sana, asubuhi amemkuta nyuma ya jukwaa anaziomba ruhusa barakoa za kulungu na chui, maana kwao barakoa haivaliwi hivihivi, inaombwa, waliowahi kuivaa wanaitwa kwanza, na kwa kuwa ubani na moto vimekatazwa humu king'ora kisije kikalia, alikuwa kawasha mshumaa wa betri, anaunong'oneza kwa unyenyekevu wote, Maombi akataka kucheka akashindwa. Alisikia jina moja linarudiwa, akauliza, Tomasa akasema, ni dada yangu, askari walimchukua tukiwa wasichana. Alikufa? Sijui. Na unamwita na wafu? Tomasa akapangusa barakoa puani kama anayempangusa mtoto kamasi, akasema, namwita kila mara, kama yuko hai na imemuudhi, na aje anigombeze. Aje anigombeze! Maombi aliondoka pale bila kuaga vizuri, akajifanya anatafuta njuga, na tangu hapo neno hilo linatembea naye chooni, jikoni, kwenye ngazi, na kwao ni kwao, kwetu ni kwetu, mwiko ni mwiko, ngoma ikianza kulegezwa uzi mmoja huku ugenini kesho itabaki nini, mazoezi ya viungo? Lakini ngoma inayomruka mtu nayo itabaki nini, mtoto huyu atawafundisha wanawe wazee wote wale wasiojulikana sura, na mtu wa sahani kichwani hatakuwamo, atakuwa amechukuliwa mara ya pili, na safari hii na nani, na wale wenye bunduki, au na sisi?

Na tena... hapana, hilo usilifikirie, lakini limeshafika. Mwaka jana, kwenye ngoma kule Hagsätra, Maombi aliwaita wote akafika kwa baba, na baada ya baba akakaa kimya kidogo kama anavyokaa kila mwaka, pumzi moja, Baudouin mpiga ngoma ameshauzoea ukimya huo, anamngoja, watu wanadhani ni mapambo ya ngoma, kumbe ni Arsène anapita, na katika pumzi hiyo Maombi alitupa jicho safu ya mbele akamwona mama yake, macho amefumba, kichwa ameinamisha, midomo inatembea. Haikutembea kwa sala, sala ya Koko ni ndefu, inajulikana. Ilikuwa neno moja, fupi, kisha akafumbua macho na kumtazama Baudouin, kama anayesema haya, sasa piga. Maombi aliona. Aliona akajifanya hakuona, akacheza, akapigiwa makofi, wakala wali, na kwenye treni ya kurudi wakazungumzia baridi. Yesu wangu, na mwaka juzi je, na kabla ya hapo, ni mara ngapi amemzika mwanawe peke yake katika pumzi ya mtu mwingine, halafu kesho yake akaenda kumnunulia viatu? Na kama nimekosea, kama ilikuwa midomo ya uzee tu... basi atanigombeza, na anigombeze.

Marimba bado inakwenda, kulungu bado hajaanguka, kamba bado inateleza mkononi mwake. "Mamma?"

"Mwite."

"Sist?"

"Mwisho, ndiyo, baada ya babu. Na umwite kwa nguvu, mwanangu, Koko amechoka kumwita peke yake."