Kigoda cha Naftali

Usingizi unamjia Sikudhani mchana kweupe, jua likiwa limejilaza uani kama mbwa aliyeshiba, mgongo wake kwenye mwimo wa mlango na macho yake kwa dada yake Chausiku, aliyeketi juu ya kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, chini kabisa, karibu na sakafu, na ambaye hajatamka neno tangu walipomzika mwanawe mchanga, Badru. Hali, hasemi. Wamekuja watu makundi kwa makundi, huyu anamwambia jikaze, yule anamwambia mshukuru Mungu, mwingine anamshika kidevu kama mtoto anayelishwa uji, sema basi mwanangu, sema hata moja, na Chausiku anawatazama kama mtu anayetazama mvua kupitia dirishani. Leo magharibi shemeji yao Kombo, kaka wa mume wa Chausiku, anakuja na gari kumpeleka kwa mganga huko bara, na mganga huyo, wanasema, huwafunga kamba watu wa namna hii mpaka pepo aseme. Akitamka neno moja tu kabla sijafika, Kombo ameapa, gari litarudi tupu. Basi Sikudhani amebembeleza, ameimba, amelia, amenong'ona, na neno halijatoka. Kunong'ona ndiyo kazi aliyoizoea. Kabla ya msiba Chausiku alikuwa mwigizaji wa kikundi cha Mwalimu Shekalaghe pale Tanga, na Sikudhani alikuwa mnong'onezi, yule anayejificha pembeni na kitabu cha mchezo, ili mwigizaji akisahau amrushie neno chini chini. Mwalimu alikuwa hasikii wala haoni kwa tamthilia za Wayahudi, na aliyempenda kuliko wote ni mmoja aitwaye Naftali, marehemu wa zamani, aliyeandika mchezo wa mama aliyefiwa, anayeketi kwenye kigoda hadi mwisho ndipo anyanyuke. Chausiku ndiye aliyekuwa huyo mama. Sikudhani anaukumbuka mchezo wote isipokuwa neno analolisema mama kabla ya kunyanyuka, na kitabu kilihama na Mwalimu. Nikilipata lile neno nimnong'oneze, anawaza, atalishika, mdomo wake unalijua, lile neno, lile neno, na kope zinagusana.

Anavuka kizingiti, na upande wa pili si ua. Ni barabara ya mbao, mbao za jukwaa zinazolia chini ya nyayo, inanyooka mpaka macho yanachoka, na kila anapodhani imekwisha inajikunjua tena kama jamvi. Kando zote mbili ni mji wa vioo. Kila nyumba ukuta wake ni kioo, na ndani ya kila kioo kuna Sikudhani anayetembea, mmoja amechelewa kidogo, mmoja ametangulia, mmoja amesimama kabisa anamtazama yeye akipita. Njiani amesimama mkata tiketi, mkoba begani, kofia kichwani, na chini ya kofia hakuna uso, ni laini tu kama yai. Sikudhani anamwamkia kwa adabu, maana mtu mzima ni mtu mzima hata bila uso, kisha anamuuliza nyumba ya Naftali. Mkata tiketi anasema, yupi, yule aliyekufa au yule ambaye watu bado wanagombana naye? Sikudhani anasema, mzee wangu, ni mmoja tu, na nina haraka. Mkata tiketi anamchania tiketi na kumwambia, basi mwenye haraka hupitia kwa waliokaa.

Na kweli waliokaa wapo, foleni nzima ya wapenda michezo, kila mtu na kiti chake mgongoni, akisogea anakitua na kukikalia, wakibishana kuhusu waandishi wao kama watu wanaobishia mpira. Sikudhani anaomba apishwe, ana dada mgonjwa. Hawampishi, wanamvuta katikati ya ubishi. Mama mmoja mtafuna karanga anasema yeye mapenzi yake ni Bi Brakha, kwa sababu anakuchekesha hadi unaziba mdomo kwa kiganja, halafu unakuta kiganja kimelowa na hujui machozi yalitoka lini. Mzee wa nyuma yake anasema kucheka hata nyani hucheka, yeye anawapenda Wayahudi hawa kwa kuwa watu wa michezo yao wana kesi na Mungu na hawaipunguzi sauti, fundi cherehani wa mchezoni anasimama na sindano mdomoni anadai ajibiwe, na asipojibiwa anarudi kushona, maana suruali ya watu lazima ikamilike. Sindano mdomoni atadai vipi, mama wa karanga anauliza, na foleni inacheka mpaka viti vinagongana. Kijana mmoja mpole anasema yeye anapenda masanduku, kwamba katika kila mchezo wao kuna sanduku la safari chini ya kitanda, tayari, na hakuna anayelitaja, lakini wewe uliyekaa gizani huachi kulitazama. Na Naftali je, Sikudhani anawauliza, Naftali mnampendea nini? Mama wa karanga anasema, huyo hatumpendi, mwanangu, huyo tunarudi kwake tu. Sikudhani anaanza kulia, anasema sina muda. Mzee anamwambia, kama huna muda, mchezoni umefuata nini? Naye anawapenya kwa kiwiko na kukimbia.

Anakimbia na vioo vinaanza kufunikwa. Mikono isiyo na watu inatundika shuka, kanga, mapazia, nyumba baada ya nyumba, na Sikudhani wa ndani wanapotea mmoja mmoja, hadi anabaki yeye peke yake barabarani, na hilo linamtisha kuliko walipokuwa wengi. Anaukumbuka mchezo: kwa Naftali nyumba ya msiba hufunikwa vioo, mfiwa asijione. Basi amefika. Ukumbi uko wazi, umejaa watu hadi milangoni, wote laini kama mayai, na jukwaani kuna kigoda, na juu ya kigoda yuko mama wa mchezo, ukosi wa gauni lake umechanwa kama desturi ya Wayahudi inavyotaka, na mama huyo ni Chausiku. Yuko kimya. Sikudhani anajitosa kwenye shimo la mnong'onezi chini ya jukwaa, anakiona kitabu, anakifungua, na kurasa zake ni vioo vidogo vilivyofunikwa vitambaa. Pembeni yake, goti kwa goti, ameketi mzee mfupi, kofia ndogo utosini, koti limekosewa vifungo, anamenya yai la kuchemsha. Uso wake upo, wa kawaida, umechoka. Ndiye Naftali.

Sikudhani anamshika mkono, anamwita baba, anamwomba ampe lile neno. Naftali anasema, neno lipi? La mama kunyanyuka. Halipo, anasema. Niliandika kigoda, mwanamke, na watu wanaoingia na kukaa chini. Sikudhani anamwambia haiwezekani, wanakuja kumchukua, watamfunga kamba, andika basi, andika hata sasa hivi. Nje ya ukumbi honi inapigwa, ndefu, ni gari la Kombo, na watu wasio na nyuso wanaanza kunguruma, sema, sema, na kila ngurumo inamwinamisha Chausiku kidogo zaidi. Naftali anampa yai lililomenywa. Wafiwa wetu tunawalisha hili, anasema, kwa kuwa halina mdomo, kama wao. Na anayeingia kwa mfiwa kwetu hafungui kinywa mpaka mfiwa afungue chake. Sikudhani anauliza, na asipofungua? Utakuwa umekaa naye, anasema Naftali. Sikudhani anamwambia kwa hasira kwamba hilo ni rahisi kwake, yeye ameshakufa. Naftali hakasiriki, anamnyooshea mkono wa koti, umetafunwa hadi nyuzi. Usiku wa kwanza wa mchezo huu watu walizomea, anasema, walitaka aseme, na mimi nilikuwa hapa ulipo, nina neno zuri sana kinywani. Niliuma koti. Honi inalia tena. Kinywani mwa Sikudhani maneno yamejaa, pole, jikaze, dada nakuomba, yanasukuma meno, naye anatazama nyayo za dada yake zilizo sawa na macho yake, zina vumbi la makaburini bado, hakuna aliyezitazama siku zote hizi. Analitia lile yai zima mdomoni.

Anaamka na honi. Jua limeshuka, mate yamemkauka, mwimo wa mlango umemchora mgongo. Chausiku yuko palepale. Kombo anaingia na watu wake wawili, kamba mkononi, anafungua mdomo, na Sikudhani anaweka kidole kwenye midomo yake na kumwonyesha sakafu. Kombo anasema, tuliahidiana, shemeji. Sikudhani anaketi chini karibu na nyayo za dada yake, anaanza kuzifuta vumbi kwa ncha ya gauni. Kombo anasimama, anahema, kisha kwa kutojua la kufanya anachuchumaa, na wale wawili wanamfuata. Wanakaa. Mwadhini anaita na kumaliza, na hakuna anayesogea. Sikudhani ameuma mkono wa gauni lake.

Nani kafunika kioo? anasema Chausiku.

Sauti ni nyembamba, ina kutu, lakini ni yake. Kamba inamponyoka Kombo mkononi. Sikudhani anageuka, na kweli kioo cha kabati kimefunikwa kanga, imechomekwa vizuri pembe zote, naye hakuifunika, na tangu msiba hakuna aliyeigusa kabati ile. Anamtazama Kombo amuulize. Kombo ameupa mgongo mwanga wa mlangoni, na pale penye uso wake hapaonekani kitu, ni laini tu. Nani kakifunika, mdogo wangu? Chausiku anauliza tena, na anaanza kunyanyuka. Sikudhani anaikaribia kabati, anaushika upindo wa kanga, na hathubutu kuifunua, asije akajikuta bado yuko upande wa pili wa kizingiti.